Uzi wa pi: tatu na ushei, na maneno tunayoweza kuitungia kwa Kiswahili

Kipenyo wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, wana jukwaa. Mimi nasomesha hisabati masomo ya jioni hapa mjini Unguja, na jambo ninalolileta limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba mzingo wa duara ni 2πr, yaani pi mbili mara nusu kipenyo, ndipo mtoto mmoja wa kike aliyekaa benchi la mbele akauliza kwa sauti: "Maalim, pi mbili si pipi?" Darasa zima likacheka, nami nikabaki na chaki mkononi, kwa sababu alilolisema lilikuwa na ukweli mkubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Anayepima pembe kwa rediani husema kwamba mzunguko mmoja kamili ni 2π. Basi mzunguko kamili ni pipi, na nusu yake ni pi.

Waingereza na Wamarekani wana mzaha mwingi juu ya namba hii, lakini karibu wote umesimama juu ya jambo moja: wao hulitamka jina lake "pai", na kwao pai ni andazi la kuoka lenye umbo la duara. Ndiyo maana tarehe 14 Machi, ambayo Wamarekani huiandika 3/14, wao hula pai. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1988 na mwanafizikia Larry Shaw katika jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco, na mwaka 2019 UNESCO ikaitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Sina neno nayo. Lakini mwanafunzi wa Kwahani ukimweleza mzaha wa pai hukutazama tu, maana andazi lenyewe halijui.

Vitabu vyetu vya shule navyo vimeandika "pai", kwa kufuata kinywa cha Kiingereza. Herufi yenyewe ni ya Kigiriki, ya 16 katika alfabeti yao, na Wagiriki huiita "pi", kama sisi tunavyoisoma bila ya taabu. Aliyeitumia kwanza kwa maana ya uwiano wa mzingo na kipenyo ni William Jones mwaka 1706, kisha Leonhard Euler akaieneza. Tukikubali kuiita pi, Kiswahili kinatufungulia mlango mpana sana. Sisemi kwamba maneno nitakayoyataja yametokana na namba hiyo. Nasema kwamba yanaichukua vizuri, kama kwamba yalikuwa yakiingojea.

Tazameni pia, ile ya kuchezea watoto, ambayo kazi yake yote ni kuzunguka. Tazameni pipa, ambalo huwezi kujua linachukua maji kiasi gani mpaka uizidishe pi kwa mraba wa nusu kipenyo na kwa kimo. Tazameni pikipiki, ambayo ndani ya jina lake mna pi mbili, moja kwa kila gurudumu. Na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60, likizunguka mara moja, humsogeza mpandaji karibu sentimita 188. Pishi nayo imo, kwa kuwa tukipima nafaka kwa kopo la duara, vibaba vinne vya pishi ni vibaba vya pi. Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kupinduka. Mtumbwi ukipinduka, umezunguka pi moja kamili, na ukirudi ukakaa sawa kwa kumalizia upande wa pili, umetimiza pipi.

Naomba tuchangie. Sitaki tafsiri ya mzaha wa watu. Nataka maneno ambayo mtoto wetu akiyasikia atacheka kwanza kisha aelewe.

Bi Fundi wa Viua

Maalim Kipenyo, mimi nashona kofia, na hesabu hiyo nimeifanya kabla sijajua kama ina jina. Kofia ina duara la juu na ukanda wa pembeni. Bibi yangu hakuwa na tepu ya kupimia. Alikuwa akinyoosha uzi juu ya duara, kutoka ukingo hadi ukingo, akaurudia mara tatu, kisha akaongeza kidogo kwa jicho, akakata ukanda wake hapo. Nikimuuliza ukanda ni mrefu kiasi gani, alijibu neno moja siku zote: "Tatu na ushei."

Juzi baada ya kusoma uzi huu nimepima kwa makini. Kofia ya kichwa cha sentimita 56 ina duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 17 na pointi 8. Ukitoa vipenyo vitatu katika hizo 56, ushei unaobaki ni kama sentimita mbili na nusu, upana wa kidole gumba. Fundi akiusahau ushei huo, kofia haingii kichwani, na akiuzidisha, inashuka mpaka machoni. Mimi naona hakuna haja ya kutafuta jina jingine. Namba hii kwa Kiswahili ni tatu na ushei.

Kipenyo wa Ng'ambo

Bi Fundi, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako kama ametangulia, na ampe afya kama yuko hai. Jina hilo nimelichukua, na jana nimelitumia darasani. Lina uzuri ambao "pai" haina, kwa sababu linaeleza kazi yote ya wanahisabati kwa maneno matatu. Ile tatu ilijulikana na kila mtu tangu kale. Watu wamehangaika miaka zaidi ya elfu mbili kwa ajili ya ushei. Archimedes alichora umbo lenye pande 96 akaonesha kwamba ushei huo unazidi 10/71 na haufiki 1/7. Mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert akathibitisha kwamba hauwezi kuandikwa kamwe kama sehemu ya namba mbili kamili, hata uchukue namba kubwa namna gani. Kwa hiyo bibi yako alipokataa kutaja kiasi na kusema "ushei", alisema lililo sahihi.

Nimekwishatunga kitendawili juu yake. Kitendawili! Mkisema "tega", natega: *Kisima changu, hatua saba kukivuka, ishirini na mbili kukizunguka.* Watoto wamekipata baada ya muda mfupi, na mmoja akakataa akasema kisima hicho hakipo, kwa sababu hatua 22 zinazidi kidogo. Mtoto huyo nimemtia alama kamili.

Mtumbwi wa Mkoani

Nawasalimu kutoka Pemba. Nimesoma kwamba wenzetu wa Ulaya hutunga sentensi ambazo neno la kwanza lina herufi 3, la pili herufi 1, la tatu herufi 4, na kuendelea hivyo kwa kufuata tarakimu za pi, ili mtu azikumbuke. Nimejaribu kwa Kiswahili usiku mzima nimeshindwa neno la pili tu. Sisi hatuna neno la herufi moja. Je, mchezo huu si wetu?

Kipenyo wa Ng'ambo

Ndugu yangu wa Mkoani, mchezo ni wetu, ila kipimo chao si chetu. Mzungu anahesabu herufi kwa sababu maneno yake ni mafupi na silabi zake hazishikiki. Sisi tangu zamani tunahesabu mizani. Mshairi wetu akitunga mstari wa mizani 16, nane kwa nane, hahesabu herufi hata siku moja. Anahesabu mapigo ya sauti, na hata asiyejua kusoma anaweza kumkamata akikosea. Basi tuhesabu mizani katika kila neno. Hapo neno la 1 tunalo tele: ni, na, wa, ya, la, cha. Na neno la 9, ambalo kwa mwenzetu ni la kutafuta kwa taa, kwetu ni kitenzi cha kawaida kilichovaa viambishi vyake.

Nimeunda hii, na kila neno mlipime wenyewe:

*Mzingo wa mduara ni mzungukaji atakayekuzungukia hadi utakapochoka kuzihesabu hatua anazopiga.*

Ni 3, 1, 4, 1, 5, 9, 2, 6, 5, 3, 5, yaani 3.1415926535. Msisahau kwamba "m" iliyo mbele ya konsonanti ni mizani peke yake, kama tunavyoihesabu katika shairi: m-zi-ngo ni tatu, m-du-a-ra ni nne, m-zu-ngu-ka-ji ni tano. Baada ya hapo zinakuja tarakimu nzito kwa mfululizo: 8, 9, 7, 9. Hapo nimekwama, na ninahitaji wenzangu.

Mzee wa Chuoni

Mwanangu Kipenyo, nimefurahi kuona mnahesabu mizani. Nami nina machache ya kuongeza kutoka upande wa herufi. Kwanza, Kiswahili kinapoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyokuwa tukiandikiana barua, "wa" ni herufi moja yenye irabu yake juu, na "na" ni hivyo hivyo. Kwa hiyo neno la herufi moja tunalo, likitegemea unaandika kwa kalamu gani.

Pili, kuna hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ina thamani: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4. Chukua tarakimu tatu za mwanzo wa pi, 3 na 1 na 4, uziandike kwa abjadi. Utapata jimu, alifu, dali. Hilo ni neno kamili la Kiarabu, *jada*, na maana yake ni "alikuwa karimu". Nimeliangalia mara nyingi tangu nilipoligundua. Namba ambayo haimaliziki, na kila ukiitaka tarakimu inakupa nyingine, imeanza kwa neno la ukarimu. Najua kwamba ni sadfa ya herufi, na sijengi juu yake elimu yoyote, lakini sadfa nzuri mtu huihifadhi.

Karafuu ya Wete

Mimi nataka kuongeza neno la watu wa kwetu. Katika tarakimu za pi, kuanzia nafasi ya desimali ya 762 hadi ya 767, zimekaa tisa sita mfululizo. Wazee wetu tisa huiita kenda. Na kenda kwetu ni pia "amekwenda": mtu akiulizwa, "Fulani yuko wapi?" hujibiwa, "Kenda shamba." Sasa soma mahali hapo kwa sauti: kenda, kenda, kenda, kenda, kenda, kenda. Ni kama mtu amekaa barazani kila anayepita anamuuliza habari za mwenzake, na jibu ni lile lile. Nimewasomea nyumbani baada ya chakula cha usiku, na mama, ambaye hakupata kusoma hisabati, amecheka mpaka akajifuta machozi, kisha akauliza swali ambalo hata sisi hatukulifikiri: "Na baada ya hapo karudi?" Baada ya hapo, mama, inakuja nane.

Mtumbwi wa Mkoani

Maalim, zile tarakimu nzito nimezipata. Nilikuwa nikingojea boti ya kwenda Unguja, na gati ni mahali pazuri pa kuhesabu mizani. Unganisha na sentensi yako hivi:

*… hatua anazopiga, zitakazoandamana, zitakazokufikirisha, zisizomalizika, zisizorudiarudia daima.*

Ni 8, 9, 7, 9, 3. Nilianza kwa kuzihofu namba hizo, lakini vitenzi vyetu vinazibeba bila ya kulemewa. Zaidi ya hayo, nimejitahidi maneno yaseme jambo ambalo ni kweli juu ya pi: tarakimu zake hazimaliziki, na haziingii katika mzunguko wa kujirudia kama zile za 22/7, ambayo baada ya 3 huenda 142857, 142857, bila ya mwisho.

Karafuu ya Wete

Hongera, kaka. Lakini "zisizorudiarudia" inanikereketa kidogo. Kitenzi kurudia kinataka yambwa: unarudia somo, unarudia kosa. Hatua zenyewe ni "zisizojirudia".

Mtumbwi wa Mkoani

Nimelifikiria hilo, dada. "Zisizojirudia" ni mizani saba, na nafasi inataka tisa. "Zisizojirudiarudia" ni kumi. Niliacha "ji" kwa makusudi, kwa kuwa washairi wetu wana ruhusa ya kupunguza ili mizani zikae. Kama kuna aliye na neno safi zaidi la mizani tisa, nitalikubali kwa mikono miwili.

Kipenyo wa Ng'ambo

Mimi naona ruhusa hiyo inatosha, na nawashukuru nyote wawili kwa kulipima neno kwa uangalifu huo, kwa sababu katika pi kosa dogo halibaki dogo. Mwingereza William Shanks alitangaza mwaka 1873 tarakimu 707 alizozikokotoa kwa mkono. Kwenye nafasi ya 528 aliteleza, na zote zilizofuata zikawa hazifai. Kosa likagunduliwa katika miaka ya 1940, yeye hayupo tena.

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili limenizuia kulala. Sentensi ya Mtumbwi imefika desimali 15 na imeishia kwenye "daima". Tarakimu inayofuata ni 2. Sisi tukisema daima, ulimi unataka kumalizia nini? *Daima dumu.* Du-mu, mizani mbili. Lugha imejijaza yenyewe! Basi sentensi nzima ni:

*Mzingo wa mduara ni mzungukaji atakayekuzungukia hadi utakapochoka kuzihesabu hatua anazopiga, zitakazoandamana, zitakazokufikirisha, zisizomalizika, zisizorudiarudia daima dumu.*

Hizo ni desimali 16, na 16 ndizo alizozipata Ghiyath al-Din al-Kashi kule Samarkand mwaka 1424, akavuka rekodi zote zilizokuwapo. Yeye hakuhesabu kwa kujifurahisha. Alitaka pi iliyo sahihi kiasi kwamba mtu akikokotoa mzingo wa ulimwengu wote, kwa ukubwa waliouamini wakati ule, kosa lisifike upana wa unywele wa farasi. Mwanafunzi wangu akiihifadhi sentensi hii moja, anatembea na usahihi wa al-Kashi kifuani mwake. Na 16 ndiyo mizani ya mstari wa shairi letu, na ndiyo nafasi ya herufi pi katika alfabeti ya Kigiriki. Mzee wa Chuoni ataniambia kuwa ni sadfa, nami nitaihifadhi kama alivyohifadhi yake.

Bi Fundi wa Viua

Nimeisoma mara tatu na ushei. Naomba sasa tukubaliane siku. Kwa nini tungojee 14 Machi, na sisi tarehe tunaanza na siku ndipo mwezi? Kwetu 3/14 haipo, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na nne. Lakini 22 Julai kwetu ni 22/7.

Kipenyo wa Ng'ambo

Bi Fundi umetumaliza. Tena siku yako iko karibu zaidi na ukweli: 22/7 inaizidi pi kwa 0.00126, na 3.14 inapungua kwa 0.00159. Wenzetu nao huikumbuka tarehe hiyo kuwa siku ya kadirio la pi, lakini kwetu ndiyo inayokaa sawa na kalenda yetu, kwa hiyo kwetu iwe kubwa. Na chakula chake si pai. Ni mkate wa kumimina, ambao ni duara kamili ukitoka katika sufuria, na kabla ya kukatwa kila mtoto aupime kwa uzi, mara tatu kwa kipenyo, aone ushei unaobaki. Asiyepima asipewe kipande.

Karafuu ya Wete

Mkate wa kumimina na pipi. Pipi lazima ziwepo, kwa heshima ya yule mtoto wa benchi la mbele. Nimesoma kwamba wapo wanahisabati wanaotaka 2π ipewe alama yake yenyewe, herufi tau, kwa hoja kwamba mzunguko mzima ndio unaostahili jina. Mtu wa hapa akiisikia tau anafikiri umetaja tao, kipande cha mzingo, na atachanganyikiwa. Jina la mzunguko mzima tayari tunalo, tena tamu.

Mzee wa Chuoni

Nauliza jambo moja kabla hamjaenda mbali. Mkifika kwenye sifuri mtafanyaje? Neno lisilo na mizani halisemeki.

Kipenyo wa Ng'ambo

Shikamoo, mzee wangu. Sifuri ya kwanza ya pi iko kwenye nafasi ya 32 ya desimali, kwa hiyo tuna muda. Wanaohesabu herufi huweka neno la herufi kumi. Sisi tunaweza kuweka neno la mizani kumi, na ile "zisizojirudiarudia" tuliyoikataa itapata nafasi yake hapo bila ya kupunguzwa chochote.

Mtumbwi wa Mkoani

Nimefika Unguja salama, na bahari ilikuwa shwari. Njiani nimeanza sentensi ya pili, kuanzia desimali ya 17, ambako tarakimu ni 3, 8, 4, 6, 2:

*Mwenzangu utakayeandamana safarini, usiharakishe mwendo …*

Neno linalofuata liwe la mizani sita, kisha nne. Aliye nalo aliweke hapa chini.